Ulijua Lini?

Wakili Chepkurui amefungua faili,
kalamu imesimama juu ya aya ya saba:
"Hapa, mama Mwikali, tuwe waangalifu.
Ulijua lini?"

Nje, Milimani, watu wamepanga foleni ya fotokopi.
Shilingi kumi ukurasa. Nina kurasa tisini na mbili
za mwili wangu.

Sheria inasema miaka mitatu.
Nyonga niliwekewa miaka tisa iliyopita,
Julai, Upper Hill, wodi yenye mapazia ya kijani.
Daktari alikigonga chuma kwa ukucha, kikalia ting,
akasema, "Hiki, mama, kitakuzika."
Tukacheka sote wawili.

Nilijua lini?
Mwaka wa pili kilianza kulia.
Kii, nikiinuka. Kii, nikiketi.
Wajukuu wakaniita Mlango.
Kina mama wa kwaya, Kariobangi,
walinishauri nichue kwa mafuta ya nazi,
nami nikachua, kana kwamba bawaba iko juu ya ngozi.
Huko ndiko kujua?

Mwaka wa nne chai ikawa na ladha ya sarafu.
Nikabadilisha majani, nikabadilisha sufuria,
nikamgombeza muuza maziwa, maskini.
Mwaka wa sita sikio la kushoto likazima
kama redio iliyoishiwa betri.
Nikasingizia cherehani.
Kliniki wakasema ni uzee. Nilikuwa na miaka hamsini na tatu.
Wakanipa vidonge vyeupe, kisha vya njano,
na uzee nao nikaumeza
mara mbili kwa siku, baada ya chakula.

Mwili ulijua, naam.
Lakini mwili haujui kuandika tarehe.

Halafu Mutheu, binti yangu, akaja na barua ya maabara:
kobalti, kromi, tarakimu zenye nyota pembeni.
Chuma kilikuwa kinasagika ndani yangu,
unga mwembamba kushinda wa kinu chochote,
na damu ikaubeba
bila kuuliza mzigo ni wa nani.
Kiwanda kilikwisha kuziita nyonga zake zirudi,
huko nchi za mbali, miaka mitano kabla.
Hakuna aliyeniita mimi.

"Andika hiyo," nikamwambia wakili.
"Tarehe kumi na nne Machi, saa tisa alasiri.
Nilikuwa napinda sketi ya shule, ya buluu.
Sindano ilibaki katikati ya kitambaa."

Ombi letu ni la upande mmoja, akanieleza;
kampuni haiitwi, haijibu, si sasa.
Nikacheka mpaka nyonga ikalia.
Upande mmoja! Mwanangu, miaka tisa
ninatembea kwa upande mmoja.

Kwa kamishna wa viapo, ofisi iliyo chini ya ngazi,
kalenda ya mwaka juzi ukutani,
niliapa kuwa haya ni kweli kwa kadiri ya ujuzi wangu.
Akagonga mhuri bila kuinua macho.

Jaji alinisikiliza kwenye skrini, dakika kumi na moja.
Kichwani nilikuwa nimejiandalia:
akinitolea ya chelewachelewa,
nami nitamjibu kwa ya kawia ufike.
Hakutoa methali. Alisema uamuzi utakuja kwa notisi.
Notisi ikachukua miezi minane.
Mimi, niliyekwenda kuomba radhi kwa kuchelewa,
nilikaa miezi minane nikishona,
na hakuna aliyeiuliza mahakama
ilijua lini.

Leo Mutheu amenisomea, sikio la kulia:
ruhusa imetolewa, siku thelathini kufungua kesi.
Akaanza kupiga vigelegele.
Ngoja, nikamwambia. Sijashinda kitu.
Nimeruhusiwa tu kupiga hodi.

Nikaisogeza cherehani, nikainuka.
Kii.